Nadharia ya Mochizuki: swali linaelezeka kwa mtoto wa kidato cha pili, jibu limewashinda maprofesa. Nani mwenye tatizo?

#1 TichaUyole

Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnishambulie.

Tarehe 30 Agosti 2012, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Shinichi Mochizuki, aliweka kwenye tovuti yake makala nne, kwa pamoja zaidi ya kurasa 500, ndani yake akidai amethibitisha dhanio la abc, yaani dai la hisabati ambalo hakuna aliyekuwa amelithibitisha. Hakuita waandishi, hakupiga mbiu. Mpaka leo wataalamu wamegawanyika. Kundi dogo, wengi wao wakiwa Japani, wanasema kazi imeisha. Wengi wa fani hiyohiyo kwingineko wanasema bado. Na hii ni hisabati, somo ambalo watoto tunawaambia jibu ni moja!

Hoja yangu: swali lenyewe anaelewa yeyote anayezijua namba tasa. Nadharia iliyobuniwa kulijibu haielezeki kwa mtu wa kawaida, na anayedai anaieleza anapiga hadithi. Najaribu na klabu yangu ya hisabati hapa Uyole. Swali wanalidaka mara moja. Tukifika kwenye jibu, natoa macho pamoja nao.

Swali ni hili. Chukua a + b = c, namba nzima, zisiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Zivunje zote tatu kwenye namba tasa. Kila namba tasa iliyojitokeza ihesabu mara moja tu, kisha zizidishe zote. Jibu liite R. Kwa kawaida R inaizidi c kwa mbali: 3 + 4 = 7, tasa ni 3, 2 na 7, R ni 42. Au 5 + 16 = 21, R ni 210. Lakini kuna wakorofi. 1 + 8 = 9: tasa ni 2 na 3 tu, R ni 6, chini ya 9. Na huyu ndiye hatari: 3 + 125 = 128. Tasa ni 3, 5 na 2. R ni 30!

Dhanio hilo lilitolewa na Joseph Oesterlé na David Masser mwaka 1985, na linasema wakorofi wa aina hiyo ni wachache. Basi. Nani atanieleza jibu la Mochizuki kwa lugha ya namna hii?

#2 NdiziTukuyu

Nimevuta kiti. Ila ticha, 4 + 4 = 8, R ni 2. Mkorofi kuliko wako wote.

#3 Kihesa_Mjini

#2 rudi usome, "zisiwe na kigawo cha pamoja". 4, 4 na 8 zote zinagawanyika kwa 4. Ukiruhusu hilo unapata 8 + 8 = 16, 16 + 16 = 32, na kuendelea, R imeganda kwenye 2 hadi kiama. Sharti halikuwekwa kwa urembo.

#4 MnyaluMafinga

Huyu Mochizuki si ndiye aliyekataa dola milioni moja akabaki kuishi na mama yake?

#5 Kihesa_Mjini

Huyo ni Grigori Perelman, Mrusi, dhanio la Poincaré. Aliweka kazi yake mtandaoni 2002 na 2003, akakataa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, 2006, na dola milioni akazikataa 2010. Kuna tofauti moja kubwa ya kuweka akilini kwenye uzi huu: Perelman aliandika kwa ufupi, wenzake wakajaza mapengo ndani ya miaka michache na wote wakakubaliana. Huyu wa Kyoto ameandika kwa urefu, na miaka zaidi ya 10 imepita.

#6 PCM_wa_Zamani

Ticha, shikamoo ya mstaafu haipo humu, kwa hiyo nakusahihisha bila heshima. "Wakorofi ni wachache" si kweli. Hawana mwisho, na mwanafunzi wako anaweza kuonyesha hivyo leo jioni.

Chukua 9 kwa kipeo chochote n, toa 1. Jibu linagawanyika kwa 8 siku zote. Sasa andika 1 + (9ⁿ − 1) = 9ⁿ. Hapo katikati kuna 2 tatu zilizozidishwa, na kwenye R zinahesabiwa mara moja, kwa hiyo umepoteza 4 bure. Upande wa kulia tasa ni 3 peke yake. Matokeo yake R haivuki robo tatu ya c. Jaribu: 1 + 80 = 81, R ni 30. 1 + 728 = 729, R ni 546. Endelea mpaka uchoke.

Dhanio linasema jambo la kina zaidi. Ipandishe R kwa kipeo kinachozidi 1 kidogo tu, 1.1 au hata 1.001. Wanaoendelea kuizidi R baada ya kuipandisha ndio wana idadi yenye kikomo. Yule 128 wako ni mkorofi sugu kwa sababu 30 inahitaji kipeo cha karibu 1.43 kumfikia. Anayeshikilia rekodi aligunduliwa na Mfaransa Eric Reyssat: 2 + 6,436,341 = 6,436,343. Namba ya kati ni 3 kwa kipeo cha 10 mara 109, ya mwisho ni 23 kwa kipeo cha 5. R ni 15,042 tu. Kipeo chake ni 1.63, na hajapatikana wa kumpita.

#7 TichaUyole

Asante mzee, hiyo ya 9 naipeleka darasani. Lakini umeniongezea nguvu. Mistari minane umemaliza swali lote, na kipeo juu. Sasa jibu?

#8 MamaParachichi

Habari zenu. Mimi niko Rungwe na miche yangu, hisabati niliiacha kidato cha nne na yenyewe ikaniacha kwa amani. Nina maswali mawili. Hii kitu inasaidia nini? Na kijana wangu wa kidato cha tatu amesoma hapa begani mwangu, ameniomba daftari. Anauliza wakorofi chini ya 100 wako wangapi.

#9 PCM_wa_Zamani

Mama, kwa kijana: asiambiwe. Atafute.

Kwa la kwanza: mfano mmoja wa faida. Kuna swali la Fermat, kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba nzima kuanzia n ikiwa 3. Lilikaa zaidi ya miaka 350. Sasa tuseme tunayo abc katika sura kali, kwamba c siku zote iko chini ya R mara R. Hapo R haiwezi kuzidi xyz, na xyz iko chini ya z mara z mara z. Kwa hiyo zⁿ iko chini ya z⁶, maana yake n ni 5 au pungufu. Zilizobaki, 3, 4 na 5, zilishamalizwa zamani: Fermat mwenyewe kwa 4, Euler kwa 3, Dirichlet na Legendre kwa 5. Mistari mitatu umemaliza karne tatu na nusu.

#10 Kihesa_Mjini

Sisitiza hapo "katika sura kali". Dhanio la kawaida linasema wakorofi sugu wana kikomo, halisemi wanaishia wapi. Kwa hiyo watu wanaoandika mtandaoni kwamba makala za 2012 zilimthibitisha Fermat upya kwa mistari mitatu wanaruka hatua.

#11 MnyaluMafinga

Mama kauliza kitu kinachosaidia, mnamjibu kinasaidia kutatua swali lingine lisilosaidia. Hahaha. Endeleeni.

#12 LumbesaExpress

Ticha, mimi napeleka viazi Dar kutoka Njombe na Mbeya, usiku barabarani nasikiliza mihadhara ya watu hawa badala ya taarabu. Nikujibu kwa biashara yangu.

Namba zetu za kawaida zina kazi mbili zilizofungwa pamoja, kujumlisha na kuzidisha. Ugumu wa abc ni kwamba a + b = c ni habari ya kujumlisha, na R ni habari ya kuzidisha. Mochizuki anatengeneza nakala za ulimwengu mzima wa namba, kisha anaunganisha nakala mbili kwa kamba ya kuzidisha peke yake. Kujumlisha anakuacha mlangoni.

Sasa gunia. Huku shambani tunasema gunia, Dar wanasema gunia. Jina linasafiri. Kilo hazisafiri, kwa sababu ya lumbesa: sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na wote tunajua linavyofungwa kofia juu. Lakini tuseme unajua kwa hakika lumbesa haiwezi kuzidi kiasi fulani. Hapo unaweza kulinganisha mizani ya shambani na ya sokoni na kupata kikomo cha uzito, hata kama gunia lilelile halijawahi kuguswa na mizani zote mbili. Kikomo hicho ndicho kinachozaa abc. Kujua ukubwa wa juu wa lumbesa, hiyo ndiyo kazi ya kurasa 500.

#13 NdiziTukuyu

Duh. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kitu. Au nimeelewa viazi?

#14 Anabeli_Iringa

Viazi. Nilisoma shahada ya pili ya aljebra, nafundisha sasa Iringa, na nadharia hii siijui kwa ndani, nasema mapema. Lakini gunia la #12 limeacha nje kitu kinachobeba nyumba.

Kinachosafiri kati ya nakala si jina tupu. Yanasafiri makundi ya Galois, yaani orodha ya namna zote za kubadilishana nafasi kwa majibu ya milinganyo bila kuharibu uhusiano wao. Kuna tawi zima linaloonyesha kwamba katika mazingira fulani, ukipewa kundi hilo peke yake, unaweza kurudisha kitu kilichokizaa, pamoja na kujumlisha kwake. Mwanahisabati Grothendieck ndiye aliyelitabiri, na Mochizuki miaka ya 1990 alithibitisha sehemu kubwa ya utabiri huo kwa mikunjo. Kazi hiyo haina ubishi, wanaompinga leo wanaiheshimu. Kwa hiyo anapovunja kujumlisha mlangoni, anategemea kukujenga upya ng'ambo kwa kutumia kundi. Gunia halijijengi upya.

#15 LumbesaExpress

Mwalimu, mimi sijasema gunia linajijenga. Nimesema ticha aliomba lugha ya watu.

#16 Kihesa_Mjini

Nitumie gunia la #12 hilohilo kueleza ugomvi uko wapi, kwa sababu hapo linafaa kweli.

Machi 2018 Peter Scholze wa Bonn na Jakob Stix wa Frankfurt walikwenda Kyoto, wakakaa karibu wiki nzima wakijadiliana na Mochizuki na mwenzake Yuichiro Hoshi. Scholze mwaka huohuo alipewa medali ya Fields akiwa na miaka 30, kwa hiyo si mtu wa kusema hajui anachosoma. Waliporudi waliandika kwamba hoja inakatika sehemu moja, Korolari 3.12 (tokeo lenye namba hiyo) ya makala ya tatu. Walichosema, kwa lugha ya LumbesaExpress: tuandike kilo kwenye kila gunia, kila hatua, jina lisipite bila kilo. Ukifanya hivyo, ili hesabu zisigongane unalazimika kuruhusu lumbesa kubwa kuliko kitu chenyewe unachopima. Kikomo unakipata, ila ni sawa na kuambiwa gunia lina uzito kati ya sifuri na tani mia.

Mochizuki akajibu kwa maandishi marefu: mmelazimisha kilo ya shambani na ya sokoni ziwe kilo moja, wakati nadharia yangu yote imejengwa juu ya kutozilazimisha. Mmerahisisha mpaka mkaitupa nadharia yenyewe.

Wakaachana hapo. Mpaka leo.

#17 MnyaluMafinga

Sasa hiyo ni hisabati au kesi ya mpaka wa shamba?

#18 TichaUyole

#16 hiyo ndiyo maelezo bora niliyosoma kuhusu ugomvi. Lakini tazama: umeeleza ugomvi, hujaeleza nadharia. Umenipa nguvu tena.

#19 BaridiMakete

Niko nje ya somo kidogo, mimi ni wa ualimu wa Kiswahili, ila namuunga mkono ticha nusu na kumpinga nusu. Mnasema nadharia haielezeki. Mwenyewe amejaribu kuieleza? Nimesoma hasafiri nje ya Japani kuifundisha. Watu waliandaa kongamano Oxford Desemba 2015, akashiriki kwa njia ya video. Kijana aliyekulia Marekani, aliyeingia Princeton akiwa na miaka 16, lugha si kikwazo kwake. Mtu mwenye hazina anakaa ndani anasema njooni mjifunze miaka kadhaa kisha ndiyo mniulize. Mwalimu gani huyo?

#20 Anabeli_Iringa

Msimwonee. Go Yamashita aliandika muhtasari wa mamia ya kurasa. Ivan Fesenko alizunguka akieleza. Fumiharu Kato aliandika kitabu cha watu wa kawaida kwa Kijapani mwaka 2019 na kikasomwa sana. Waliokwenda kukaa na Mochizuki na kumuuliza walisema anajibu barua pepe na ana subira.

Shida ninayoiona mimi ni nyingine. Ili usome makala hizo lazima uwe umesoma makala zake za awali za miaka karibu 20, zenye istilahi alizozibuni mwenyewe. Mtafiti kijana anajiuliza: nitoe miaka mitatu ya maisha yangu kwenye kitu ambacho huenda kikawa na tundu? Na nikimaliza, nani ataniajiri? Kwa hiyo wasomaji ni wachache, na kwa kuwa ni wachache hakuna wa kukurahisishia, na kwa kuwa hakuna urahisi wasomaji hawaongezeki. Nadharia inaweza kuwa sahihi kabisa na ikafia hapo.

#21 Kihesa_Mjini

Hiyo ingekuwa na nguvu kama tatizo lingekuwa kukosa wasomaji. Scholze alisema aliishia hatua mahususi, akaitaja kwa namba. Anayesema "hujasoma vya kutosha" anatakiwa aonyeshe mstari gani unaivusha hatua hiyo. Wiles alitangaza uthibitisho wake wa Fermat Cambridge, Juni 1993. Pengo likaonekana. Hakusema "someni zaidi." Akarudi mezani, akasaidiana na Richard Taylor, Septemba 1994 akaliziba, 1995 likachapwa.

#22 NdiziTukuyu

Na Mochizuki alichapwa wapi?

#23 Kihesa_Mjini

Kwenye jarida la taasisi yake mwenyewe Kyoto, Machi 2021. Na mhariri mkuu wa jarida hilo wakati huo alikuwa yeye.

#24 NdiziTukuyu

Aaah. Basi kumbe tunaelewana, hata huku kwetu ipo hiyo.

#25 Anabeli_Iringa

Sema yote. Alijitoa kwenye uamuzi, ikaundwa kamati bila yeye, na tathmini ilichukua karibu miaka minane. Majarida ya hisabati kuchapa kazi za wahariri wake si jambo geni. Unaweza kusema hawakufanya vizuri. Ila usilipe jina la ujomba bila ushahidi.

#26 FundiSimuKabwe

Mimi sina shahada, nina kifaa cha kuchomea simu hapa Kabwe. Swali la kijinga: kwa nini wasimpe kompyuta akague? Kompyuta haina ujomba wala uvivu.

#27 PCM_wa_Zamani

Fundi, hilo si la kijinga, ndilo swali bora la uzi mpaka sasa.

Ipo programu inaitwa Lean. Unaiandikia uthibitisho hatua kwa hatua, ikikuta hatua haifuati inakataa. Na kisa kizuri ni kwamba Scholze mwenyewe, Desemba 2020, alitoa hadharani nadharia moja yake aliyokuwa hana uhakika nayo, akaomba watu waikague kwa Lean. Kikundi kilichoongozwa na Johan Commelin kilimaliza Julai 2022. Kabla yake Thomas Hales alithibitisha mwaka 1998 namna bora ya kupanga mipira, wakaguzi wakahangaika miaka, wakasema wana uhakika asilimia 99. Hakuridhika, akaongoza mradi wa kuikagua kwa kompyuta, ukaisha 2014.

Ugumu: kompyuta haisomi makala. Lazima mtu anayeelewa aiandikie kila kitu. Na huyo mtu, akifika Korolari 3.12, aandike nini? Waliokwama watasema hapa hakuna cha kuandika. Walioelewa ndio wanatakiwa kukaa na kuandika.

#28 FundiSimuKabwe

Kwa hiyo aliyeelewa aandike, mashine ikikubali ubishi umekwisha. Rahisi. Anayekwepa tujue.

#29 Anabeli_Iringa

Fundi, ungetufaa kwenye kamati. Ila kuiandikia mashine hata yale mambo ya msingi tu ambayo nadharia imesimama juu yake ni kazi ya watu wengi na miaka mingi.

#30 MnyaluMafinga

Hela hazipo?

#31 Kihesa_Mjini

Zipo. Mwaka 2023 tajiri wa Japani Nobuo Kawakami, mwanzilishi wa kampuni ya Dwango, aliahidi dola milioni moja kwa atakayechapa makala inayoonyesha kasoro ya kimsingi kwenye nadharia hiyo. Hiyo ni shilingi bilioni mbili na ushee.

#32 MnyaluMafinga

Ticha, klabu yako inakutana saa ngapi?

#33 DadaIsyesye

Mimi nimekaa kimya nikisoma, sasa nina la kusema kwa ticha. Mwaka wa pili chuoni, sitakitaja, mhadhiri alifika kwenye hatua akaandika ubaoni "ni dhahiri", akafuta, akaendelea. Nikanyoosha mkono nikauliza ni dhahiri kivipi. Akanitazama, akasema wenzako wameelewa. Nikageuka nyuma, wenzangu wote wanatazama meza. Baadaye hosteli tukaulizana: hakuna aliyekuwa ameelewa. Tulikaa usiku na baridi la Julai, tukajaza hatua hiyo wenyewe, ikachukua kurasa mbili na ilikuwa sahihi. Yaani mhadhiri alikuwa na haki na hakuwa na haki kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nikisikia "hapa pana pengo" dhidi ya "ni wewe hujaelewa", sijui nimwamini nani. Yote mawili nimeyaona kwenye ubao mmoja.

#34 BaridiMakete

Hapo umesema. Tofauti ni kwamba nyie mlijaza.

#35 TichaUyole

DadaIsyesye, hii imenigusa, kwa sababu nami huandika neno hilo ubaoni. Ila nashikilia hoja. Nadhani kuna vitu vya aina mbili: vinavyoeleweka kwa kuonyeshwa na vinavyoeleweka kwa kuzoea. Namba hasi mtoto huzizoea, haonyeshwi. Nadharia ya Mochizuki ni ya aina ya pili. Mfano mmoja, hata uwe mtamu kama wa lumbesa, haukupi mazoea.

#36 LumbesaExpress

Ticha, hapo sikubali. Mfano haukupi mazoea lakini unakupa sababu ya kuyatafuta. Mimi bila kusikia mfano wa kwanza barabarani Kitonga nisingesikiliza saa zote zilizofuata.

#37 PCM_wa_Zamani

Nami napinga kwa upande mwingine. Perelman pia alikuwa wa kuzoea, Wiles pia. Wataalamu walizoea wakakubaliana. Hapa watu waliozoea jiometri ya aina hii maisha yao yote, Scholze na Stix wakiwemo, hawajakubali. Hiyo si habari ya umma kushindwa kuelewa. Umma haumo kabisa kwenye kesi hii.

#38 DadaIsyesye

Kuna mtu wa tatu pia, Kirti Joshi wa Arizona. Anasema pengo lipo na anaweza kuliziba kwa njia yake. Mochizuki amemkataa, Scholze hajashawishika. Amepigwa pande zote mbili.

#39 NdiziTukuyu

Msuluhishi huwa anapigwa wa kwanza. Nimeona harusini.

#40 MamaParachichi

Samahani kuwarudisha shambani. Kijana amepata wakorofi wanne chini ya 100: 1 + 8, 5 + 27, 1 + 48 na 1 + 80. Anasema 5 + 27 = 32 ana R 30, "kaponea chupuchupu." Ametulia sasa, anadhani amemaliza.

#41 FundiSimuKabwe

Mwambie aongeze 1 + 63 = 64. Tasa 3, 7, 2. R 42. Nimepata kwa mkono, wateja wanasubiri.

#42 Kihesa_Mjini

Na 32 + 49 = 81. Tasa 2, 7, 3, R tena 42. Huyo wengi humkosa kwa sababu wanaanza na 1 kila mara.

#43 DadaIsyesye

Nimeandika programu fupi: chini ya 100 ni hao sita, chini ya 1,000 ni 31, chini ya 10,000 ni 120. Zingatia kasi: kila namba zikiongezeka mara kumi, wakorofi wanaongezeka mara tano na kidogo hatua ya kwanza, na ya pili hawafiki hata mara nne.

#44 MnyaluMafinga

Mmepata jibu basi. Andikeni makala.

#45 PCM_wa_Zamani

Ungeweza kuhesabu mpaka bilioni na usiwe umethibitisha kitu, kijana. Dhanio linahusu wote, hata wasiofikiwa na mashine yoyote.

#46 MamaParachichi

Anasema basi anaendelea juu ya 100 bila programu. Ameleta 4 + 121 = 125, na 25 + 144 = 169.

#47 Kihesa_Mjini

Wa kwanza ni sahihi, tasa 2, 11, 5, R 110. Wa pili hapana: 5, 2, 3, 13, R ni 390. Kipeo cha pili peke yake huwa hakitoshi, atafute vipeo vinavyopanda zaidi.

#48 MamaParachichi

100 + 243 = 343. Anasema hana haja ya kuhakikishiwa.

#49 TichaUyole

2, 5, 3, 7. R ni 210. Mama, huyo kijana anasoma wapi? Jumamosi tuna klabu, basi la Tukuyu linashusha hapa Uyole.

#50 LumbesaExpress

Jumamosi napita Tukuyu asubuhi na gari tupu. Mama akiridhia nitawachukua wote wawili, mbele kuna nafasi.